Kisiwa cha Sawgrass na meno ya Stone Harbor

Mwaka 1982, Jerry Pate alipomaliza kushinda mashindano ya gofu ya Players kwenye uwanja mpya wa Sawgrass, Florida, alimsukumia ziwani kamishna wa PGA Tour, chombo kinachoendesha mashindano ya gofu ya kulipwa Marekani, Deane Beman, pamoja na msanifu wa uwanja, Pete Dye, kisha akajitosa mwenyewe. Tukio hilo hukumbukwa kama furaha ya mshindi, lakini kabla yake palikuwa na wiki nzima ya hasira. Wachezaji wa kulipwa walilalamika kwamba grini, zile sehemu za nyasi fupi zenye kitundu na bendera, zilikuwa na migongo mikali kiasi kwamba hata pigo zuri halikupata pa kutulia. Jack Nicklaus, mmoja wa wachezaji mashuhuri zaidi, alisema hajawahi kuwa hodari wa kusimamisha mpira juu ya boneti ya gari. Baadaye Dye alizirudia grini hizo akazipunguza makali.

Mimi naona kila upande ulikuwa na hoja nzito. Mchoro wa ukutani usiokupendeza unaupita tu. Shimo la gofu, yaani njia nzima kutoka pigo la kwanza hadi kwenye kitundu, hata lisipokupendeza huna budi kulicheza, na ukaidi wa aliyelibuni unaandikwa kwenye kadi yako ya alama. Mchezaji ana haki ya kuuliza kama ubunifu huo ni kwa ajili ya mchezo au kwa ajili ya jina la msanifu. Lakini gofu haina uwanja wa vipimo maalumu kama mpira wa miguu. Ukiwaondolea wasanifu ujasiri, utabaki na mashimo 18 yaliyofanana, na hapo huna sababu ya kusafiri kwenda kucheza kwingine.

Chukua shimo maarufu la 17 la Sawgrass, yadi 137, grini ikiwa imezungukwa na maji. Wengi huliona kama ujeuri mtupu wa Dye. Ukweli ni kwamba eneo lilikuwa kinamasi, likanunuliwa kwa dola moja, na mafundi walihitaji mchanga wa kusambaza kwenye uwanja mzima. Mchanga mzuri ulipatikana hapo kwenye 17, wakauchimba mpaka likabaki shimo kubwa. Ni Alice Dye, mke wa Pete na msanifu mwenyewe, aliyependekeza maji yaachwe yaizunguke grini yote. Wala hakikuwa kisiwa cha kwanza: Herbert Strong alikuwa amejenga kingine Ponte Vedra, jirani tu na hapo, tangu miaka ya 1920. Ajabu ile ilitokana na udongo wa mahali pale na shida ya kazi, na ndiyo maana naipenda. Hata hivyo, wakosoaji wake wako sahihi katika jambo moja. Pale hakuna njia ya pembeni. Mpira unatua au unazama, na mzee mwenye pigo fupi hapewi nafasi ya kufikiri.

Msanifu wa viwanja Alister MacKenzie alilifikiria hilo mapema. Alikuwa daktari Mwingereza aliyetumika katika vita vya Makaburu Afrika Kusini, akavutiwa na namna Makaburu walivyojificha kwenye mandhari. Ujuzi huo aliuhamishia kwenye gofu: shimo lionekane la kutisha kuliko lilivyo. Mwaka 1920 alitoa kanuni 13 za uwanja bora, na ndani yake alitaka mgeni wa mchezo naye afurahie, tena watu wasipoteze muda kutafuta mipira iliyopotea. Mtu huyu hakuogopa ubunifu wa ajabu, ila alimkumbuka mchezaji dhaifu.

Mrithi wake wa kweli, kwa maoni yangu, ni Mike Strantz. Alichora kila shimo kwa mkono na kuzunguka eneo la kazi juu ya farasi. Uwanja wake wa Tobacco Road, North Carolina, uliofunguliwa mwaka 1998 kwenye machimbo ya zamani ya mchanga, unaanza kwa kukutaka upige katikati ya vilima viwili vikubwa kama lango. Moyo unashtuka. Ukivuka, unakuta uwanda mpana sana nyuma yake. Wapo wanaouchukia kwa sababu mara nyingi huoni unakopiga, nao wana haki yao, lakini anayeurudia mara ya pili anajua nafasi iko wapi. Strantz alifariki mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 50 tu, na pengo lake bado naliona.

Desmond Muirhead ni habari nyingine. Huyu hakukosa ujuzi. Alishirikiana na Nicklaus kubuni uwanja wa Muirfield Village. Lakini huko Stone Harbor, New Jersey, mwishoni mwa miaka ya 1980, alitengeneza shimo la 7 kutokana na hadithi ya Kigiriki ya miamba inayogongana: grini kama chombo majini, na kila upande bunka, yaani shimo la mchanga la kumtega mchezaji, lenye meno ya kutafuna. Wazo linavutia kwenye karatasi, na umbo lile huonekana vizuri zaidi kutoka angani kuliko kwa aliyeshika fimbo. Mpira haujui hadithi.

Dye naye alivuka mpaka alipojenga Whistling Straits, Wisconsin, kwa bunka zinazokaribia 1,000, nyingi zikiwa mapambo tu. Kwenye PGA Championship ya 2010, Dustin Johnson aliigusisha fimbo yake mchangani kwenye shimo la mwisho, mahali palipokanyagwa na watazamaji, asijue kwamba ni bunka, ambamo kugusisha fimbo kabla ya kupiga hakuruhusiwi. Akaongezewa mapigo mawili, akakosa mchujo wa kumpata bingwa. Kanuni ilifuatwa, lakini mtego usiotambulika kama mtego haumpimi mtu kitu.

Meno ya Stone Harbor yalikuja kubadilishwa, nami siyalilii. Ila grini ya MacKenzie ya Sitwell Park, Uingereza, iliyojaa mawimbi makubwa, nayo ilisawazishwa baada ya malalamiko, na leo wasanifu wanaisoma kwenye picha tu. Hiyo naililia.