Nani Atamlipa Mwalimu Akikohoa?

Wiki hii ya Januari 2021 afisa mmoja alikuja kukagua shule anayosoma binti yangu. Sitasema ni afisa wa wapi, na shule yenyewe sitaitaja. Iko huku Kisauni, Mombasa, ina watoto 90 na ushei, walimu 7, mpishi mmoja, na bawabu ambaye pia ndiye fundi, ndiye mpiga kengele, na tangu tarehe 4 Januari, shule zilipofunguliwa tena baada ya kufungwa kwa korona, ndiye daktari wa getini. Nilikuwa ofisini nikilipa nusu ya karo na kuombea subira nusu iliyobaki, kwa hiyo ukaguzi wote niliuona kwa macho yangu. Afisa akauliza themogani, ile bastola ya plastiki ya kupima joto la mwili, iko wapi. Akaonyeshwa. Akauliza sehemu za kunawia mikono ni ngapi. Akahesabu jerikeni. Akatazama mabango ukutani, akalipiga picha moja, akaandika. Kisha akashauri shule inunue themogani ya pili, maana hii ikiharibika je? Akapewa soda baridi, akaenda zake.

Hakuingia hata darasa moja. Hakuuliza walimu wanaendeleaje. Nimekaa na hasira tangu siku hiyo, na mume wangu amechoka kunisikiliza, kwa hiyo zamu yenu.

Tuanze na hiyo bastola. Asubuhi nimeiona ikisoma 33.4 kwenye paji la mtoto, halafu 32.9 kwa anayefuata, na bawabu anaandika kwenye daftari kwa heshima zote. Kwa joto hilo wale watoto walifaa kukimbizwa hospitali kuu ya Makadara wakiwa wamefunikwa mablanketi. Walikuwa wazima, wanavutana mikoba. Na hata siku inaposoma sawasawa, mtu anaweza kuwa na korona bila homa yoyote, akapita getini akisindikizwa na "karibu, ingia." Huyo mwenye homa kali kweli, mamake amempa Panadol saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo naye anapita. Themogani hiyo imenunuliwa kwa pesa zinazokaribia karo ya muhula mzima ya mtoto mmoja. Ya pili inatakiwa.

Kupuliza dawa madarasani usiku nitakupitia haraka: ni moshi wa kutuliza wazazi. Basi.

Najua kuna mtu atasema, bora tahadhari kuliko kukaa bure. Sawa, nanaweni mikono, kipindupindu kipo hata korona ikiondoka, na sabuni haijawahi kumdhuru mtu. Barakoa pia zivaliwe, ingawa yeyote aliyewahi kumvalisha mtoto wa chekechea barakoa anajua inaishia shingoni kabla ya uji. Ninachogomba nacho ni kipaumbele. Shule ndogo haina pesa za kufanya yote, na ikiambiwa ianze na vyombo, pesa zitaishia kwenye vyombo.

Tukumbushane basi ni nani tunayemlinda. Watoto wengi hawaugui sana ugonjwa huu, tunashukuru Mungu. Wanaougua vibaya ni watu wazima: mwalimu, mpishi, nyanya aliyeachiwa wajukuu nyumbani. Oktoba, darasa la 8, kidato cha 4 na Gredi ya 4 waliporudi tarehe 12, mwezi haukwisha kabla shule za sekondari za Star of the Sea na Tononoka hazijafungwa tena baada ya walimu kukutwa na virusi. Mji huu ulizika mwalimu mkuu. Maafisa wetu walikuwapo, walisoma magazeti kama mimi, na bado wanakuja shuleni kuhesabu jerikeni.

Sasa nije kwenye linaloniuma.

Mwalimu wa binti yangu, nitamwita Madam tu, hakulipwa tangu shule zilipofungwa Machi mwaka jana. Mwalimu wa TSC, yaani aliyeajiriwa na serikali, aliendelea kupata mshahara wake mwisho wa mwezi, na sina kinyongo naye, alistahili. Lakini shule ya binafsi inaishi kwa karo; karo ikikatika, mwalimu anakatika nayo. Madam alikaanga viazi vya karai na bajia mbele ya nyumba aliyopanga, na wanafunzi wake ndio waliokuwa wateja wake. Wenzake wawili hawakurudi: mmoja yuko na pikipiki, mwingine amerudi kwao na haonekani kama ana mpango wa kushika chaki tena. Madam amerudi kwa shilingi 9,000 kwa mwezi, na siku asiyofika inakatwa.

Juzi nilimkuta anakohoa. Nikamwambia, "Madam, kifua hicho vipi?" Akacheka, "Vumbi tu, Mama Salma." Tulipobaki wawili akashusha sauti: "Na kama si vumbi, mama, nikilala nyumbani hizo wiki mbili za karantini wanangu watakula nini? Na nikirudi nikute nafasi yangu ina mtu?"

Someni tena hayo maneno. Kuna themogani gani inayoweza kupima hilo?

Shule yenye wanafunzi 2,000 inahitaji vyombo na madaftari kwa sababu hakuna anayemjua mwenzake. Shule ya watoto 90 ina kitu ambacho hakinunuliki: kila mtu anajua habari za kila mtu. Bawabu wetu anajua nyanya wa nani amelazwa kabla mjukuu hajafika getini. Mpishi anajua nani hakumaliza chakula jana. Umbea wote huu wa mtaani, ambao siku nyingine unatuchosha, ungekuwa ndio kinga yetu kubwa, kwa sharti moja: anayesema "mimi mgonjwa" asiadhibiwe kwa kusema. Hivi sasa anaadhibiwa. Mwalimu akisema, anakatwa. Mpishi akisema, anatafutwa mpishi mwingine. Mzazi anayeuza mboga soko la Kongowea akisema mwanawe ana homa, anaambiwa akae naye nyumbani, na siku hiyo hakuna mauzo. Kwa hiyo wote wananyamaza, wote wana "vumbi", na sisi tunasimama getini na bastola ya plastiki tukijiona tumejipanga.

Na shule zetu hazikatai tu ugonjwa, zinatoa zawadi kwa kuuficha. Kila siku ya kufunga, mtoto ambaye hakukosa hata siku moja anaitwa mbele, anapigiwa makofi na kupewa madaftari na kalamu. Binti yangu aliipata mwaka juzi na bado ana kiburi nayo. Wakati wa korona zawadi hiyo inamwambia mtoto wa miaka minane afiche kikohozi chake. Nimeuliza kama mwaka huu itakuwapo. Nikajibiwa, "Bila shaka, tunataka kuwahimiza." Nikaishiwa maneno, jambo ambalo wanaonifahamu watashangaa.

Sasa hesabu, kwa sababu nitaambiwa hakuna pesa. Shule yetu ina familia kama 60. Kila familia ikitoa shilingi 100 kwa mwezi, hiyo ni 6,000. Wiki mbili za kukaa karantini ni nusu ya mshahara wa mwezi wa Madam, yaani 4,500, mimi sizungumzii marupurupu. Inayobaki, 1,500, mpe kijana aliyemaliza kidato cha nne au yule wa chuo aliyekwama nyumbani, awasimamie watoto kusoma na kuandika hadi Madam arudi. Hatafundisha kama yeye. Hata hivyo watoto hawa wamekaa miezi tisa bila kufundishwa na yeyote. Wakisomewa hadithi wiki mbili na kijana wa mtaani, elimu ya Kenya haitaanguka. Wakiugua walimu wawili mwezi mmoja mfuko utalemewa, nakubali. Lakini leo mfuko ni sufuri, na sufuri inalemewa na mwalimu wa kwanza.

La mtoto ni rahisi zaidi. Asihesabiwe utoro. Kazi itumwe kwa WhatsApp, na asiye na simu ya maana mwenzake wa jirani ampelekee daftari mlangoni. Mzazi wa Kongowea ndiye mgumu, na sitajifanya nina dawa ya kila kitu. Labda nyanya mmoja mwenye afya, labda mama anayeshinda nyumbani, shule iwe na orodha ya watu wawili watatu wa kumshika mtoto. Mtaani tunafanya hivyo kwa harusi na misiba bila kuandikiwa waraka.

Kuhusu hewa nitasema maneno machache, ingawa yangetosha makala nzima. Julai mwaka jana wanasayansi 239 waliandika barua ya wazi wakiwataka wakubwa wa afya, Shirika la Afya Duniani likiwamo, wakubali kwamba virusi hivi vinaweza kusambaa hewani ndani ya vyumba vilivyofungwa. Darasa la binti yangu lina madirisha manne. Mawili yamezibwa kwa plaiwudi tangu wezi walipoiba vitabu, na moja limefunikwa na kabati. Huu ni Januari, kaskazi inavuma kutwa nzima kutoka baharini, bure, bila risiti, na watoto 22 wanapumuliana chumbani kwa sababu hakuna aliyeandika "dirisha" kwenye fomu ya ukaguzi. Kung'oa plaiwudi na kuweka nondo ni kazi ya asubuhi moja kwa bawabu wetu. Uani kuna nafasi ya banda la makuti. Mwaka 1908 huko Providence, Marekani, walifungua shule ya madirisha wazi kwa ajili ya watoto waliohofiwa kupata kifua kikuu, katikati ya baridi kali, watoto wakisoma wakiwa ndani ya mifuko mizito ya kujifunika kama vile wamelala. Wajerumani walikuwa wametangulia mwaka 1904 na shule yao ya msituni Charlottenburg. Watu walikubali kutetemeka ili wapate hewa, na sisi tunaogopa vitabu vitapeperuka.

Hapa, kwa shingo upande, nitamsifu George Magoha, Waziri wa Elimu mwaka huu wa 2021. Ukali wake siupendi na kelele zake kwa maafisa mbele ya kamera zinanifedhehesha hata nikiwa sebuleni. Lakini aliposema watoto wanaweza kusomea chini ya miti, watu walimcheka mtandaoni wiki nzima, na alichosema kilikuwa na akili kuliko mabango yote ya ukutani. Pia alisema wazi kwamba kukosa nafasi ya kukaa mbalimbali hakutazuia shule kufunguliwa. Shule kubwa za serikali hazikuwa na njia nyingine, namwelewa. Ila sisi wadogo nafasi tunayo. Watoto 90 wanagawanyika. Wadenmaki waliporudisha watoto wadogo shuleni Aprili mwaka jana waliwaweka kwenye makundi madogo na kuwatoa nje sana. Na hawana kaskazi, wana kibaridi.

Ila hata makundi nayo tusijidanganye. Saa nane mchana binti yangu anaoga, anavaa buibui, anaenda chuoni, yaani madrasa, na huko kuna watoto wa shule sita. Asubuhi anapanda tuktuk iliyojaa watoto wanane, nailoni imeshushwa pande zote kwa ajili ya vumbi. Nimezungumza na dereva, sasa anaifunga juu. Ustadhi naye amehamishia darasa barazani kabla hata hajaambiwa, bila afisa, bila soda. Mwenye shule angemtembelea akajifunze.

Wapo wanaoniambia tungebaki tumefunga. Uganda wamerudisha madarasa ya mitihani tu, Tanzania walifungua zote tangu Juni, Burundi hawakufunga kabisa, na kila mtu ana jirani wa kumnyooshea kidole. Mimi naiona miezi tisa kwenye mtaa wangu. Wasichana wawili wa darasa la 7 hawakurudi na tunajua kwa nini. Wavulana wamezoea pesa za kubeba mizigo. Kufungua ilikuwa lazima. Ninachokataa ni kufungua kwa kumfanya mwalimu wa shilingi 9,000 abebe hatari yote na gharama yote, halafu tumpigie makofi tumwite shujaa.

Mkutano wa wazazi ni Jumamosi saa nne asubuhi, uani, kila mtu na kiti chake. Nitaleta hoja tatu: mfuko wa shilingi mia, plaiwudi ing'olewe, na zawadi ya asiyekosa shule ifutwe mwaka huu. Nasikia kuna baba ameshaanza kusema mia ni nyingi. Huyo huyo Desemba alichanga elfu moja ya fulana za sherehe ya kufunga ambayo haikufanyika. Nimeweka orodha ya michango ile kwenye mkoba, yenye majina, na nitaisoma kwa sauti.