Jaji hana fadhila ya kulipa

Jumamosi nilikwenda kunyoa, nikarudi na hasira. Redio ilikuwa ikitangaza uteuzi wa majaji, na mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akatoa hukumu palepale: "Jaji akishaapishwa, amjue aliyempa kiti. Mengine mbwembwe." Saluni nzima ikaitikia. Hata kinyozi, ambaye wembe uko mkononi mwake na angeweza kuwa na msimamo wake.

Nikawatajia Damon Keith, jaji mweusi wa Marekani. Hakuna aliyemjua. Siwalaumu, majaji wa kule tunaowasikia ni wale tisa wa Mahakama ya Juu tu.

Keith alizaliwa Detroit mwaka 1922, mjukuu wa watumwa. Alipotoka vitani, akasomea sheria Chuo Kikuu cha Howard, akamaliza mwaka 1949. Akiwa anajiandaa kwa mtihani wa uwakili, kazi aliyoipata ni ya usafi kwenye gazeti la Detroit News. Mwandishi mmoja mzungu akamkuta chooni na kitabu cha sheria, akamuuliza anataka kuwa nani. Wakili. Wakili mweusi? Basi aendelee kupiga deki. Mwaka 1967 Rais Johnson akamteua kuwa jaji wa shirikisho. Mwaka 1977 Rais Carter akampandisha Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Sita, na huko akabaki hadi alipofariki mwaka 2019, akiwa na miaka 96.

Kesi niliyotaka mzee yule aisikie ni ya kabla hajapandishwa rufani. Vijana watatu walishtakiwa katika shauri la kulipuliwa kwa ofisi ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, mjini Ann Arbor. Ikabainika kwamba mazungumzo ya simu ya mmoja wao yalinaswa bila kibali cha mahakama, kwa idhini ya Mwanasheria Mkuu John Mitchell. Serikali ya Rais Nixon haikukana. Ilisema ni usalama wa taifa, na kwa usalama wa taifa Rais haombi ruhusa kwa mtu. (Ukisikia maneno hayo popote duniani, shika mfuko wako.) Keith, jaji wa miaka michache tu kazini, akaamua mwaka 1971 kwamba huo ni ukiukaji wa Katiba, na yaliyonaswa mshtakiwa akabidhiwe. Serikali badala ya kutii ikaipeleka mahakama yake mahakamani. Shauri likaitwa Marekani dhidi ya Mahakama ya Wilaya ya Marekani. Yaani Marekani inaishtaki Marekani, na katikati yake kasimama yule mpiga deki.

Mzee akanikatiza: "Mwanangu, huyo hakuteuliwa na Nixon. Angeogopa nini?"

Swali zuri, na liliniuma. Ila sikiliza. Shauri lilifika Mahakama ya Juu, na uamuzi ukatoka tarehe 19 Juni 1972: nane kwa sifuri, serikali imeshindwa. Aliyeuandika ni Lewis Powell. Nani alimteua Powell? Nixon. Burger? Nixon. Blackmun? Nixon. Wa nne wake, Rehnquist, alijitoa kwenye shauri. Hao wote walikuwa na fadhila ya kulipa, na hakuna aliyeilipa. Siku mbili kabla ya uamuzi huo wezi walikuwa wamekamatwa ndani ya ofisi za chama pinzani kwenye jengo la Watergate, sakata lililokuja kumng'oa Nixon, na Mitchell mwenyewe baadaye akafungwa kwa sakata hilo. Dunia ina ucheshi wake.

Haya, nakubali nusu. Jaji wa shirikisho kule kiti chake ni cha maisha, mshahara wake haupunguzwi, na kumng'oa mpaka Bunge. Mtu asiyefukuzika ushujaa haumgharimu sana. Lakini wangapi wana kinga hiyohiyo na bado wanainama kwa mazoea?

Keith hakuinama hata uzeeni. Mwaka 2002, serikali ilipozuia umma kuhudhuria vikao vya kuwafukuza wageni baada ya Septemba 11, aliandika kwamba demokrasia hufa nyuma ya milango iliyofungwa. Mwaka huohuo mahakama nyingine ya rufani iliamua kinyume. Sawa, hakushinda kila mahali. Mwaka 2016, akiwa na miaka 94, alipingana na wenzake kwenye shauri la upigaji kura Ohio, akaweka ndani ya hukumu yake picha za watu waliouawa wakipigania haki za kiraia. Picha, kwenye hukumu! Wapo waliosema si utaratibu. Labda. Mimi nilizitazama moja moja.

Na huyohuyo, mwaka 1991, akiwa amesimama nje ya hoteli mjini Williamsburg na majaji wenzake kwenye mkutano wa maadhimisho ya Katiba, mzungu alisimamisha gari mbele yake akamwambia: "Boi, kaliegeshe."

Nilimaliza kusimulia kinyozi akiwa nyuma ya sikio langu la kushoto, sikuweza kugeuka kuuona uso wa mzee. Nilisikia tu gazeti likikunjwa.

"Na huyo Johnson," akauliza, "hakumpigia simu?"

"Sijasoma popote kwamba alimpigia, mzee wangu."

"Aa. Basi hakuwa na namba yake."