Holašovice: kijiji kizuri, ila wenyewe wako wapi?

Picha za Holašovice wengi mmeshaziona hata kama jina hamlijui. Uwanja mrefu wa majani katikati, kibwawa cha maji, halafu pande zote nyumba zimejipanga zinaangalia uwanjani, moja ya njano, nyingine kijani mpauko, nyingine waridi, na juu kule kwenye paa ukuta umepindwapindwa na kurembwa kama keki ya harusi. Chini ya picha maneno huwa yale yale, eti kijiji cha Ucheki ambacho hakijabadilika tangu enzi na enzi. Hapo ndo mi huwa nasita, maana nusu ya hiyo kauli ni kweli tupu na nusu nyingine inafunika mambo mazito.

Tuanze na ardhi yenyewe. Holašovice iko kusini mwa Ucheki, kama kilomita 15 magharibi mwa České Budějovice, mji wa ile bia ya Budweiser ya asili. Kusini yake kuna vilima vya msitu vinaitwa Blanský les, na kilele chake Kleť kinazidi mita 1,000 kidogo, halafu ukigeukia kaskazini ardhi inashuka kwenye bonde tambarare lenye mabwawa ya samaki kibao, mengine yalichimbwa tangu zama za kati, na samaki wanaofugwa humo ni karpu, ndo kitoweo chao cha mkesha wa Krismasi mpaka leo. Kwahiyo sio mlimani kwenye baridi ya kukomoa na sio kwenye tope, ni pale katikati panapofaa nafaka na ng'ombe, na hiyo ndo sababu mtu alipapenda toka zamani. Kila kaya ilipewa kipande chembamba kirefu: mbele nyumba na ghala zikiangalia uwanja, katikati yake geti la tao, ndani ua, nyuma banda kubwa la nafaka, nyuma yake bustani, halafu shamba. Mpango huo ni wa zama za kati na haujavurugwa. Hapo wanaosema "hakijabadilika" wako sahihi, siwabishii.

Shida inaanza ukiuliza nani alikuwa anaishi humo.

Kijiji kinatajwa kwenye maandishi kwa mara ya kwanza mwaka 1263. Mwaka 1292 mfalme Václav II akakitoa kwa watawa wa Cistercian wa monasteri ya Vyšší Brod, na wakulima wakabaki chini ya hiyo monasteri mpaka 1848, yaani zaidi ya miaka 550 unalima ardhi ambayo mwenyewe ni mtawa. Sasa kati ya 1520 na 1525 ikapita tauni, ikafagia kijiji kizima, inasemekana walibaki watu wawili tu. Wawili! Mpaka leo kuna nguzo ya ukumbusho wa tauni pale kijijini. Monasteri nayo ilikuwa na ardhi nzuri isiyo na mtu wa kulima, na ardhi bila mikono hailipi kodi, basi wakaleta walowezi kutoka Bavaria na Austria. Watu wa lugha ya Kijerumani. Wakakuta viwanja vimeshapimwa, bwawa lipo, wakaingia wakaendelea na maisha, na vizazi vikapita hapo mpaka hesabu ya mwaka 1895 inaonyesha Wajerumani 157 na Wacheki 19. Hao wa 1895 huwezi kuwaita wageni bana, babu zao walikuwa wamefika karibu karne nne nyuma.

Na nyumba zinazopigwa picha ndo za hao hao. Zilijengwa karne ya 18 na ya 19, na urembo mwingi wa mbele ni wa baada ya kazi za lazima kwa mabwana kufutwa mwaka 1848, ambapo mkulima akaanza kujilimia mwenyewe, akashika hela yake na akataka majirani waione. Makanisa na makasri ya eneo hilo yalikuwa na urembo wa baroko, yaani ule mtindo wa Ulaya wa mapambo mengi, wa miaka mingi nyuma, fundi wa kijijini akauchukua akauweka kwenye nyumba ya mkulima, ikatoka kitu ambacho Wacheki wanakiita baroko ya wakulima. Mi hapo huwa nacheka kidogo, maana mijini baroko ilishapitwa na wakati kitambo, huku shamba ndo kwanza inapamba moto.

Sasa hiki ni kijiji cha nani? Kuna upande unasema ni urithi wa Kicheki, full stop. Hoja zao sio za kubeza: mpango wa kijiji ulikuwepo kabla ya tauni, jimbo lote la Bohemia Kusini lina nyumba za mtindo huu na nyingi zilijengwa kwenye vijiji vya Wacheki, na waliokuja kupandisha mapaa yaliyobomoka baada ya 1990 ni Wacheki kwa hela yao na jasho lao. Upande wa pili unasema wajenzi na wenye nyumba walikuwa Wajerumani, wakafukuzwa, halafu kazi yao ikawekwa kwenye kadi za posta bila majina yao. Unesco wenyewe walipokiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1998 walisema thamani yake iko kwenye kuchanganyika kwa tamaduni mbili za ujenzi. Mi naona hiyo ndo kauli ya ukweli kuliko zote, ila bahati mbaya kwenye matangazo ya utalii huwa inapotea njiani.

Kufukuzwa kwenyewe nako kuna pande mbili na ukitaja mmoja tu unadanganya. Baada ya vita vya pili vya dunia Czechoslovakia, nchi ambayo Ucheki ilikuwa sehemu yake, iliwatoa Wajerumani karibu milioni 3, Holašovice ikiwemo. Mcheki wa 1945 ana haki ya kukukumbusha kilichotangulia: uchaguzi wa 1935 theluthi mbili hivi ya Wajerumani wa nchi ile walipigia chama kilichokuja kuwa mkono wa Hitler, mkutano wa Munich mwaka 1938 ukakata maeneo ya mpakani ukampa Hitler, mwaka uliofuata Ujerumani ikaikalia nchi, na Juni 1942 Wanazi wakakifuta ardhini kijiji cha Lidice karibu na Prague, wanaume wakapigwa risasi, wanawake wakapelekwa kambini, watoto 82 wakauawa kwa gesi. Ukiwa umetoka kwenye hayo, kumwambia mtu aishi tena na jirani yule yule ni rahisi ukiwa mbali. Na mataifa makubwa yaliyoshinda vita, kwenye mkutano wa Potsdam mwaka 1945, yaliridhia uhamisho, kwa sharti kwamba ufanyike kwa utaratibu na utu.

Lakini upande wa pili unauliza swali jepesi tu: bibi mwenye ng'ombe wanne alifanya nini? Adhabu iliangalia lugha ya mtu, ukiacha wachache walioweza kuthibitisha kwamba waliupinga unazi, na hata tume ya wanahistoria wa Kicheki na Kijerumani ilikubali kwamba waliokufa kwenye zoezi lile ni maelfu, kati ya 15,000 na 30,000. Amri za Beneš, rais wa Czechoslovakia wakati huo, zilizowanyang'anya mali hazijafutwa mpaka leo. Januari 1997 serikali mbili zilisaini tamko la pamoja, Wajerumani wakakiri uvamizi na Wacheki wakajutia mateso ya watu wasio na hatia. Mwaka uliofuata ndo Holašovice ikaingia Unesco. Sisemi moja ilileta lingine, ila najiuliza kama bila tamko lile ingekuwa rahisi kusimama mbele ya dunia na kusifia nyumba hizo.

Na hapa sasa ndo pale panaponikera na kunifurahisha kwa wakati mmoja. Kilichoziokoa nyumba, kwa kiasi kikubwa, ni kutelekezwa. Wenyewe wameondoka, waliokuja ni wachache, wakomunisti wakashika nchi 1948, ardhi ikaingia kwenye ushirika, mkulima binafsi akafutika, kwahiyo hakuna mwenye hela wala sababu ya kubomoa ghala la karne ya 19 ajenge kitu cha zege. Vijiji vingine vilivyokuwa na maisha vilibomoa, vikaweka madirisha mapana na gereji mbele ya nyumba, ni haki yao. Vile vya mpakani kabisa na Austria na Ujerumani Magharibi vingi vilisawazishwa ili mpaka ulindwe vizuri. Holašovice haikuwa karibu na mpaka kiasi cha kubomolewa wala haikuwa na mvuto wa kuendelezwa, ikabaki pale inaoza polepole kwa miaka arobaini na kitu mpaka ukomunisti ulipoanguka. Anayesema Unesco ndo iliokoa kijiji amechelewa kuingia kwenye stori.

Je, hiyo hadhi imesaidia? Imesaidia, tusiwe wabishi. Nyumba zimepata watu, kuna mgahawa, kila Julai kuna sherehe za wakulima na soko la kazi za mikono, na kijiji chenye wakazi wasiofika 200 kinajulikana dunia nzima. Upande mwingine, ukiishi kwenye nyumba ya aina hiyo sheria ya urithi ya mwaka 1987 inakutaka kibali kabla hujagusa dirisha, plasta au rangi, na ukifungua geti Jumamosi asubuhi kuna mtu na kamera anachungulia ua wako. Watu wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, walio kwenye orodha hiyo hiyo, nadhani hawahitaji kuelezwa zaidi, na Mji Mkongwe hasa wanajua habari ya nyumba kubaki na wenyewe kuondoka.

Ukilinganisha na Český Krumlov, mji wa urithi ulio karibu tu hapo kusini, mi naona Holašovice bado inapumua. Krumlov iliingia orodhani 1992, na katikati ya mji sasa hivi ni hoteli na maduka ya zawadi, wakazi wamehamia pembeni. Holašovice ni ndogo mno kulisha hoteli, mtalii anakaa saa mbili anaondoka na hiyo ni bahati yao. Wasiwasi wangu uko kwenye yale mabanda ya nyuma. Yalijengwa kwa ajili ya mavuno ya familia inayolima, leo wengi wanafanya kazi mjini, na banda lisilo na nyasi wala trekta ndani lina paa kubwa lile lile la kulipia. Likifanywa nyumba ya wageni tunapata Krumlov ndogo, likiachwa linaanguka, na hakuna kibali kinachoweza kumrudisha mkulima.

Kuhusu majina ya waliojenga, msimamo wangu ni kwamba ile hesabu ya 1895, 157 kwa 19, iandikwe kwa lugha zote mbili pale mabasi yanaposhushia watu, na pembeni yake iandikwe Munich na Lidice. Watakaochukia watakuwepo pande zote mbili, na sioni ubaya.