Tuliusubiri mwanga, sikio likaliwa

Mdogo wangu ana ualbino na anauza samaki pale Deep Sea, Tanga. Mwaka jana alitokwa na kidonda juu ya sikio la kushoto. Kikaota gamba. Akilibandua, damu; baada ya wiki limerudi, nene zaidi. Duka la dawa wakampa tyubu ya kupaka, tukapaka miezi minne.

Kisha akatumiwa video WhatsApp: saratani ya ngozi inatibiwa kwa taa, bila kisu. Akang'ang'ania hapo. "Dada, wakinikata sikio, miwani nitaiegesha wapi?" Nikakosa la kumwambia. Bila miwani hatambui noti ya elfu tano na ya elfu kumi.

Tiba hiyo ipo kweli, na si mionzi ya hospitali ya saratani ya Ocean Road kama wengi wanavyodhani. Unapakwa krimu, unakaa nayo kama saa 3, seli gonjwa zinaifyonza na kuigeuza kemikali inayoamshwa na mwanga. Taa nyekundu ikiwashwa, seli zinakufa. Kovu huwa dogo mno. Kwa madoa ya juu juu, yale makavu yanayokwaruza yakiguswa, ningemshika mkono nimpeleke mwenyewe.

Ila mwanga huo unaishia milimita 2 hivi ndani ya ngozi. Uvimbe uliokwisha kuzama ni kama magugu: umefyeka majani, mzizi uko chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia kwa miaka 5 wagonjwa wenye uvimbe wa saratani aina ya basali: waliotibiwa kwa mwanga, ulirudi kwa 14 katika kila 100, waliopasuliwa, 4. Na basali ndiyo ile ya polepole! Ndugu zetu wenye ualbino hapa nchini huandamwa zaidi na ile ya seli bapa, inayoweza kushuka hadi kwenye tezi za shingo.

Kuna jingine, na kwangu ndilo kubwa. Daktari akikata, nyama inakwenda maabara, kingo zinaangaliwa kama ni safi. Taa haikuachii cha kupima. Unarudi nyumbani na matumaini tu.

Tulikubali kisu mwezi wa saba wa kidonda. Kingo zilikuwa safi, alhamdulillahi, ila theluthi ya juu ya sikio imekwenda. Daktari alituambia tungewahi angetoa kipande cha punje ya hindi. Miwani sasa tumeitia mkanda wa lastiki unaozunguka kisogo, na kila asubuhi kabla hajatoka namfungia mimi.