Mshahara wa mwenzako ni siri ya nani?

Karatasi ilisahauliwa kwenye printa. Nilikuwa mapokezi katika kampuni moja kubwa ya hoteli hapa Arusha, zamu ya usiku, nikaenda kuchukua orodha ya wageni wanaoondoka alfajiri. Juu ya orodha ile palikuwa na slipu ya mshahara ya kijana niliyekaa naye kaunta moja. Mshahara wake wa msingi ulizidi wangu kwa shilingi 180,000. Aliajiriwa miezi minane baada yangu, na kazi nilimfundisha mimi: kupokea kundi lililochelewa kutoka uwanja wa ndege wa KIA saa nane usiku, kufunga hesabu ya dola na ya shilingi, kumtuliza mgeni ambaye chumba chake kimepewa mtu mwingine.

Nilikaa na jambo lile wiki mbili, kisha nikaenda kwa meneja rasilimali watu. Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza, "Dada yangu, nani amekuambia?" Akafungua faili langu, akanionyesha kipengele nilichosaini bila kukisoma vizuri: ni marufuku mfanyakazi kuzungumzia mshahara wake au wa mwenzake. Sababu ya tofauti niliipata baadaye kwa kijana mwenyewe. Kwenye usaili, kila mmoja wetu aliulizwa alikotoka analipwa kiasi gani. Yeye alitoka kampuni ya utalii, mimi duka la vitambaa karibu na Soko Kuu. Kila mtu akaongezewa kidogo juu ya alichokuwa nacho. Sidhani kuna aliyekaa akapanga kunionea. Ujira mdogo wa kazi yangu ya kwanza ulinifuata hadi kazi ya pili, na usiri ukaufunika.

Kwa hiyo msomaji ajue nimesimama wapi: naona kampuni kubwa hazipaswi kuwafunga watu midomo kuhusu mishahara. Lakini wanaotetea usiri wana hoja, na mojawapo ni nzito kuliko wapigania uwazi wengi wanavyotaka kukubali.

Hoja hiyo ni ndugu. Rafiki yangu mmoja ni fundi umeme kwenye kiwanda Moshi. Mpwa wake, karani wa uhasibu palepale, aliutaja mshahara wa mjomba nyumbani Kibosho, kwa nia njema kabisa, akimsifu. Haukupita mwezi, kadi za michango ya harusi zikaanza kumfikia zikiwa na kiasi kilichokwisha kuandikwa kwa kalamu: 300,000. Ikafuata ada ya mtoto wa shangazi, kisha bati za kanisa. Hakuna aliyeuliza habari za makato: kodi, NSSF, deni la bodi ya mikopo ya wanafunzi, mkopo wa benki aliojengea. Watu walisikia namba ya juu ya slipu, yeye anaishi kwa namba ya chini. Desemba ile hakupanda nyumbani kwa Krismasi, na kwa Mchaga hilo si jambo dogo. Mwambie mtu huyu kwamba uwazi ni ukombozi, atakutazama tu.

Hoja ya pili ni uchungu. Huko California, mishahara ya watumishi wa umma iliwekwa wazi mtandaoni, na watafiti wakiongozwa na David Card wakachunguza yaliyowapata wafanyakazi wa chuo kikuu cha jimbo hilo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Waliogundua wanalipwa chini ya wenzao wa kada moja, kuridhika kwao na kazi kulipungua, wakaanza kufikiria kutafuta kwingine. Waliogundua wako juu hawakuongeza furaha yoyote. Norway ilikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2001 taarifa za kodi za kila mtu ziliweza kutafutwa kirahisi mtandaoni, na mchumi Ricardo Perez-Truglia akaonyesha kwamba pengo la furaha kati ya wenye nacho na wasio nacho lilipanuka. Mwaka 2014 mambo yakageuzwa, ukimchungulia mtu anajua ni wewe, na wachunguliaji wakapungua mno.

Sikatai uchungu huo, nimeulalia wiki mbili. Ila Perez-Truglia huyohuyo, pamoja na Zoë Cullen, walifanya utafiti mwingine katika kampuni kubwa ya Asia ya Kusini-Mashariki. Wafanyakazi walipojua bosi anapata zaidi ya walivyodhani, waliongeza juhudi. Walipojua wenzao wa ngazi moja wanapata zaidi, walilegea. Mimi nasoma hapo kwamba mtu hakasirishwi na kila tofauti. Ngazi anayoweza kuipanda inampa hamu. Kinachomvunja moyo ni tofauti kwenye kaunta moja ambayo hakuna anayemweleza imetoka wapi.

Kuna pia onyo la Denmark, ambako sheria ya mwaka 2006 ilizitaka kampuni kutoa takwimu za mishahara kwa jinsia. Pengo lilipungua, lakini hasa kwa sababu nyongeza za wanaume zilipunguzwa kasi. Mwajiri hakutoa fedha nyingi zaidi. Wafanyakazi wanaodai uwazi walijue hilo mapema.

Sasa upande wa pili. Lilly Ledbetter alikuwa msimamizi katika kiwanda cha matairi cha Goodyear huko Gadsden, Alabama, ambako kuzungumzia mishahara kulikatazwa. Karibu miaka 19 ilipita ndipo mtu asiyejulikana akamwachia kikaratasi. Yeye alikuwa analipwa dola 3,727 kwa mwezi. Wanaume wa cheo hichohicho walianzia 4,286 na wa juu alifika 5,236. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamwambia amechelewa, alitakiwa kulalamika ndani ya siku 180 tangu uamuzi wa kumlipa pungufu ulipofanyika. Angelalamikaje juu ya asichokijua? Bunge la Marekani lilibadili sheria mwaka 2009, lakini yeye fedha zile hakuzipata.

Kwetu, mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hutakiwa kufika CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60 tangu ulipoibuka. Ibara ya 23 ya Katiba inatoa haki ya ujira unaolingana na kazi bila ubaguzi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ahakikishe ujira sawa kwa wanaume na wanawake wanaofanya kazi ya thamani sawa. Mfanyakazi aliyekatazwa kuuliza atajuaje kama haki hiyo anaipata?

Wala uwazi si mgeni kwetu. Mwalimu wa shule ya serikali akitaja daraja lake la mshahara la TGTS, mwenzake anajua anapata ngapi. Mei Mosi ya mwaka 2025 huko Singida, Rais alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000 mbele ya umati. Moshi bei ya kahawa hutajwa mnadani, na mkulima anayejua bei ya mnada si rahisi kudanganywa. Najua upungufu wa madaraja: mwalimu mchapakazi na mwalimu mtoro hulipwa sawasawa. Kampuni ya utalii inayomwania muongozaji anayejua Kichina nayo inataka nafasi ya kupandisha dau. Haya, kiwango kiwe na chini na juu, na anayewekwa juu aelezwe kwa nini, na wa chini aelezwe vilevile.

Msiba wa yule fundi wa Moshi ulitoka kwenye namba iliyounganishwa na jina lake. Kubandika viwango vya fundi umeme ukutani, bila majina, kusingemletea kadi yenye 300,000. Umoja wa Ulaya umefuata njia hiyo katika agizo lake la mwaka 2023, ambalo nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 7 Juni 2026 kulitungia sheria: mwombaji kazi aelezwe kiwango cha malipo, asiulizwe alikotoka alilipwa ngapi, na mfanyakazi aweze kuomba wastani wa wanaofanya kazi kama yake. Slipu ya mtu haianikwi. Sheria yetu nayo inakiruhusu chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa kudai taarifa zinazohitajika kwa majadiliano, huku taarifa binafsi za mtu zikilindwa mpaka aridhie mwenyewe. Mlango wa kupitia upo, kwenye majadiliano ya mkataba wa hali bora, na matawi mengi hayajaugonga.

Tawi letu liligonga mwaka uliofuata, likaomba viwango vya kaunta. Niliongezewa 100,000, na kipengele cha kunyamaza kikabaki kwenye mikataba. Nilipohamia kazi niliyonayo sasa, niliuliza habari za kipengele hicho kabla ya kusaini, na sikuigusa karatasi mpaka nilipojibiwa kwamba hakimo.