Kikulacho Kinu Ki Ndani ya Uzio

Nchi inapowapokea wataalamu wa kigeni kuwafunza ulinzi wa vinu vya nyuklia, wapo wanaouliza: je, hatumwonyeshi mgeni tundu la kupitia? Hofu hiyo ina msingi. Abdul Qadeer Khan, mtaalamu wa metali kutoka Pakistani, alifanya kazi Uholanzi miaka ya 1970, akaondoka na michoro ya mashine za kurutubisha urani (kuiandaa ifae kwa kinu au bomu), na mpango wa bomu la Pakistani ukasimama juu ya michoro hiyo.

Ila Khan hakuwa mwanafunzi wa ulinzi. Alikuwa mfanyakazi aliyekabidhiwa nyaraka za siri azitafsiri, kinyume na kiwango cha ruhusa yake. Kosa la namna hiyo ndilo mafunzo haya hufundisha kulizuia.

Tazama Doel 4, kinu cha nyuklia nchini Ubelgiji. Agosti 2014 mtu alifungua valvu, na lita 65,000 za mafuta ya kulainisha turbaini, mashine inayozungusha jenereta ya umeme, zikatoka. Lita 65,000! Turbaini iliendelea kuzunguka bila mafuta hadi ikaharibika, na kinu kikazimwa hadi Desemba. Mionzi haikuvuja, maana turbaini iko nje ya sehemu ya nyuklia, lakini hilo halinitulizi. Uzio haukukatwa, wala hakuna mlango uliovunjwa. Kila dalili ilielekeza kwa mtu mwenye kibali cha kuingia, na uchunguzi haukumpata. Mkono uliofikia valvu ile ungeweza kufikia nini kingine? Walinzi walikuwa wanatazama nje.

Kuhusu siri, wanaohofu wajue kinachofundishwa. Kozi ya kimataifa inayoendeshwa na maabara ya Sandia, Marekani, tangu 1978, huwapa washiriki kituo cha kubuni wakipangie ulinzi, si ramani ya kituo halisi cha mtu. Kituo cha mafunzo cha IAEA, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, kule Seibersdorf, Austria, kilichofunguliwa 2023, nacho kina vifaa vya mazoezi. Mkataba wa kulinda nyenzo za nyuklia ulirekebishwa 2005 ili ubane ulinzi wa vituo vyenyewe, ukaanza kutumika 2016. Wajibu huo utatekelezwa na nani kama si watu waliofunzwa?

Wasiwasi wangu uko kwingine: wanaoteuliwa kwenda kufunzwa. Nafasi ikimwendea ofisa wa makao makuu asiyewahi kukesha zamu ya usiku kinuni, msimamizi anayegawa funguo za vyumba vya mitambo hubaki na mazoea yake yaleyale.