Nilivyompandisha cheo mtu asiye babu yangu

Wakuu, kwetu kuna picha imening'inia sebuleni kwa baba mkubwa, Muheza, tangu sijazaliwa. Jamaa kakaa kwenye kiti mbele ya hema, kavaa ile kofia pana iliyokunjwa ubavu mmoja, sharubu kazichonga, mkononi V tatu, na sura ya mtu asiyetaka utani. Pembeni kabisa mwa fremu kinaonekana kiwiko cha mtu na mdomo wa birika, basi. Tumekua tunaambiwa huyo ndo babu, alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles ya Mwingereza, kapigana Burma vita vya pili vya dunia, na ukivunja glasi baba mkubwa anakunyooshea ile picha anauliza, "Huyu angekuwepo ungethubutu?" Babu mwenyewe alifariki watoto wake bado wadogo, kwa hiyo hamna wa kubisha.

Mwaka jana ukoo ukapanga kukutana, mimi nikajitia mjuaji nikasema nitachimba utumishi wa babu jeshini. Nikapiga picha ile fremu, nikaikuza kwenye kompyuta mpaka ikawa vidoti vitupu. Kofia ile ilivaliwa sana na askari wetu wa Afrika Mashariki kule Burma, V tatu ni sajenti, hapo sawa. Kazi ikawa vitepe vya nishani juu ya mfuko wa kushoto. Utepe wa Burma una nyekundu pana katikati, buluu iliyokolea huku na huku, na katikati ya kila buluu kuna kamstari ka rangi ya chungwa, sasa kwenye picha nyeusi na nyeupe vyote hivyo vinakuwa majivu ya aina tatu, siku mbili nimekodoa macho hapo. Nikajiridhisha ni wenyewe. Pembeni yake nikaona utepe mwingine, halafu wa tatu ambao ulinitesa sana maana haukufanana na nishani yoyote duniani. Huo baadaye nilikuja kuupangusa kwenye kioo kwa kidole. Kinyesi cha nzi.

Basi nikaandika hotuba, nikaeleza divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kifaru, ilivyowafukuza Wajapani bonde la Kabaw mwaka 1944 mvua inanyesha, matope magotini, malaria, mpaka mto Chindwin, na babu yetu sajenti yumo humo. Nikachapisha tisheti 35, "UKOO WA SAJENTI", kifuani picha ya babu. Kile kiwiko na birika nikavikata, vilikuwa vinaharibu pozi.

Siku yenyewe tisheti zimevaliwa, baba mkubwa kaivaa juu ya kanzu, nikasoma hotuba, watu wanapiga vigelele. Sasa kuna bibi yetu, dada yake babu, mdogo wake wa mwisho, kaletwa kutoka Mombasa, yeye kakaa tu ananiangalia kifua. Nikamwinamia, "Shikamoo bibi, unamkumbuka kaka yako?"

"Marahaba mwanangu. Mbona mmevaa bosi wake?"

Nikacheka, nikajua uzee. Akasema hapana, huyo ni afande wake, mtu wa Nyasaland, Malawi ya leo, alikuwa na makelele hatari. "Siku zote naiona pale ukutani, nikajua mnamheshimu tu."

Kaka yake yuko wapi? Akaomba ishushwe ile fremu, akaweka kucha kwenye kiwiko. "Si huyu hapa."

Aisee kulikuwa kimya mpaka nikasikia pilau linatokota. Baba mkubwa mwenyewe akang'oa misumari nyuma kwa kisu cha jikoni, kumbe fundi wa fremu kioo chake kilikuwa kifupi, akaikunja picha pembeni kama vidole vitatu hivi ili ienee. Tukaikunjua taratibu, imekauka inalia kama kaukau. Babu huyo katokea, kakonda, aproni mpaka magotini, birika mkononi, anacheka meno yote nje, na begani kile kifaru cha divisheni, kinaonekana bila hata kukuza. Burma alikwenda kweli. Alikwenda kupika.

Na ndo sura ya baba mkubwa mtupu, hata ule mwanya. Tumeishi na huyo mzee mwenye sharubu miaka yote hamna aliyejiuliza mbona hatufanani naye.

Baba mkubwa akakaa kama dakika nzima, akavua tisheti, akaikunja vizuri, akaniuliza bei. Nikamtajia. Akasema haya, nenda kaongeze chai.

Sasa mimi nawaza, huko Malawi inawezekana kuna familia inahangaika kumtafuta babu yao sajenti, hawana hata picha yake moja. Sisi tunazo 35, saizi zote, na moja dada kashaifanya dekio.